Tope Ndani ya Kranki: Kubadilisha Oili Si Kusafisha Injini

Hakuna maelezo ya muuzaji wa pikipiki kongwe yanayonitia wasiwasi kama yale yanayosema kwamba injini haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani. Wengi huyasoma kama sifa, kwa hoja kwamba hakuna fundi mbovu aliyepata nafasi ya kuiharibu, na kwa chombo cha miaka ya karibuni hoja hiyo ina uzito wake. Lakini kwa injini ya miaka ya 1950 au 1960, ambayo haikupewa chujio la karatasi, na ambayo imesimama bandani miaka mingi huku oili ile ile ikiwa tumboni mwake, maneno hayo yana maana nyingine kabisa: uchafu wote uliozalishwa humo na ambao haukutoka pamoja na oili iliyomwagwa bado umo ndani, na sehemu yake kubwa imekaa mahali ambapo jicho halifiki. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyeipata pikipiki ya namna hiyo, ambaye amekwisha kununua oili mpya na betri na sasa yuko tayari kupiga kiki. Ninamwomba asubiri.

Ni vizuri kwanza kujua tope hilo linatoka wapi, kwa sababu watu wengi hudhani ni vumbi la barabarani lililopenya. Vumbi limo, ila ni sehemu ndogo. Oili ya madini ikikaa kwenye joto na hewa huoksidika. Molekuli zake huungana na kuwa nzito, zikaacha kwanza utando wa kahawia unaong'ang'ania chuma, kisha rojo jeusi. Kwa makadirio yanayokubalika na wataalamu wa vilainishi, kasi ya kuoksidika huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, na injini inayopozwa kwa upepo hupanda joto sana. Juu ya hayo kuna gesi zinazopenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye kasha la kranki (kranki ni mhimili unaozungushwa na pistoni), zikibeba masizi, petroli isiyoungua na mvuke wa maji. Maji hayo si machache, kwani lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji. Karibu yote hutokea kwenye ekzosi, lakini kile kidogo kinachopita kwenye ringi kinatosha, endapo injini haikupata joto la kuyafukuza, kuchanganyika na oili, kuzalisha asidi na kuyaunganisha masizi na vumbi la chuma kuwa donge moja.

Katika injini zilizotumika enzi za petroli yenye risasi kuna jambo la kuzingatia zaidi. Risasi ilianza kutiwa kwenye petroli katika miaka ya 1920, na nchi ya mwisho kuacha kuiuzia magari ya barabarani ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Kwa hiyo tope la injini ya zamani huwa na chumvi za risasi ndani yake, ambazo ni sumu. Vaa glavu unapoligusa, usilikwangue likiwa kavu hadi likawa vumbi, usilipulize kwa upepo wa kompresa pasipo kinga ya macho na pua, na usilimwage ardhini.

Kuna desturi moja inayozidisha tope kuliko kuiacha pikipiki ikae kimya, nayo ni ile ya kuiwasha kwa dakika tano kila baada ya wiki kadhaa ili injini isife. Nia ni njema, lakini matokeo ni mabaya. Katika dakika hizo tano kabureta hutoa mchanganyiko mzito wa petroli, kuta za silinda bado ni baridi, mvuke wa maji hugeuka matone ndani ya kasha la kranki, na kabla oili haijapata joto la kuyafanya matone hayo yatoke kupitia bomba la kupumulia, injini inazimwa. Ukirudia hivyo kwa miezi, utakuta rojo jeupe chini ya kifuniko cha vali, na kutu kwenye kamshafti (mhimili unaofungua vali) na kwenye beringi za gololi. Kama huna nafasi ya kuiendesha pikipiki barabarani kwa nusu saa au zaidi, mpaka tangi la oili liwe la moto kwa mkono, ni afadhali usiiwashe kabisa. Mwagia oili safi kidogo kwenye silinda kupitia tundu la plagi, izungushe injini taratibu kwa kiki, kisha iache.

Sasa nifike kwenye kranki, ambako ndiko kiini cha habari yote kilipo. Waliobuni injini za zamani walijua kwamba oili huchafuka, lakini wengi wao hawakuweka chujio linaloweza kuzuia chembe ndogo. Waliweka wavu wa waya kwenye tangi au chini ya kasha la kranki, ambao huzuia vipande vya gasketi na vinyuzi vya matambara, huku masizi na vumbi la chuma vikipita bila kizuizi. Kwa chembe hizo ndogo walitegemea nguvu ya mzunguko. Kranki inapozunguka maelfu ya mara kwa dakika, chochote kilicho kizito kuliko oili husukumwa nje, kuelekea mbali na mhimili, na kikitengenezewa mahali pa kutulia, yaani mtego wa tope, hubaki hapo. Ni ubunifu mzuri sana, na unafanya kazi barabara. Tatizo ni kwamba mahali hapo hakuna njia ya kujimwaga, wala dirisha la kuchungulia, na kila kinachoingia hakitoki mpaka binadamu aifungue injini yote.

Chukua mfano wa Triumph za silinda mbili za cc 650 za miaka ya 1960. Oili hutoka kwenye pampu, ikaingia ncha ya kranki upande wa gia za kamshafti, kisha ikapita ndani ya kranki kwenye mrija wa chuma uliochomekwa katika tundu linalopitia shingo za kranki, yaani zile sehemu za duara zinazoshikwa na konrodi, vyuma vinavyoiunganisha kranki na pistoni. Mrija huo una matundu, na umezibwa mwishoni kwa kizibo chenye thredi, tena moja ya bolti tatu zinazoshikilia flaiwili (gurudumu zito la kranki) hupenya hadi kwenye mrija wenyewe na kuuzuia usizunguke wala kutoka. Uchafu hutupwa kwenye ukuta wa nje wa mrija, na oili iliyo safi zaidi huendelea kwenye beringi za konrodi. BSA za silinda mbili nazo zina utaratibu unaofanana na huo. Injini ikiwa changa, utaratibu huu huilinda. Ikiwa imezeeka pasipo kusafishwa, mrija huo huo hujaa kidogo kidogo, njia ya oili hupungua upana, na siku moja konrodi iliyo mbali zaidi na pampu hubaki haina kitu.

BMW za silinda mbili zilizoundwa kabla ya 1969, kama R60 na R69S, zilifuata wazo hilo hilo kwa umbo tofauti. Zilikuwa na beringi za rola kwenye konrodi, na oili ilizifikia kupitia bamba la duara lenye mfereji pembezoni, lililofungwa kwenye mkono wa kranki. Oili iliyorushwa na beringi kuu ilidakwa na mfereji huo, ikasukumwa kwenye tundu la shingo ya kranki, na uchafu ukabaki umeganda mferejini. Mfereji ukijaa, oili haina tena pa kukusanyikia wala njia ya kulifikia tundu. Kibaya zaidi ni kwamba kranki hiyo imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa kwa presi, hivyo kuusafisha mfereji ni kazi ya fundi mwenye presi na vipimo vya kuirudisha kranki katika unyoofu wake. Kampuni hiyo ilipoleta pikipiki za mfululizo ulioitwa /5 mwaka 1969, ilihamia kwenye beringi za nusu duara (vipande viwili vinavyoikumbatia shingo ya kranki bila rola) na chujio la karatasi linalobadilishwa. Mwaka huo huo Honda ilileta CB750, nayo ikiwa na chujio la kubadilishwa lililowekwa mbele ya injini. Baada ya hapo mitego ya aina hii ikaanza kutoweka katika pikipiki kubwa.

Honda nyingi ndogo za miaka ya 1960 na 1970, zikiwemo CB350 za silinda mbili, zilitumia kikombe kinachozungushwa na kranki na kilichowekwa nyuma ya kifuniko cha pembeni. Huu ndio mtego ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unaweza kuufungua, ukaupangusa na kuufunga kabla chai haijapoa, bila kuigawa injini. Inasikitisha kwamba wamiliki wengi hawajui hata kama kikombe hicho kipo, wakabadilisha oili miaka nenda miaka rudi na kuliacha tope likijaa nyuma ya kifuniko kile.

Hasara inayotokea inategemea aina ya beringi. Beringi ya nusu duara huishi kwa kuelea juu ya utando wa oili wenye unene wa mikroni chache, na utando huo hauwezi kuwepo pasipo oili kusukumwa bila kukatika. Oili ikipungua, metali laini ya beringi hugusa chuma cha kranki, hupata joto, huyeyuka na kung'ang'ania. Ndipo injini inaponoki, yaani inapogonga kwa ndani, na ikiendelea kulazimishwa, konrodi hukatika na kutoboa kasha. Beringi za rola huvumilia zaidi, kwa kuwa zinahitaji oili kidogo tu isiyo na shinikizo kubwa, lakini adui wao ni mwingine: maji na asidi vilivyokaa kwenye tope wakati wa kusimama huchimba vishimo vya kutu kwenye rola, na kila kishimo kinapopita chini ya uzito huendelea kumeguka. Rola yenye kutu haiponi kwa oili.

Nisisitize jambo moja ambalo huwapoteza hata mafundi wazoefu. Kipimo cha shinikizo la oili hakikuambii chochote kuhusu mtego wa kranki. Kwenye Triumph hizo, zile zenye swichi ya shinikizo, swichi hiyo ipo kwenye kifuniko cha gia za kamshafti, yaani kabla oili haijaingia kranki. Mtego ukiwa umeziba, oili inapata mahali pachache pa kutokea, kwa hiyo shinikizo linalosomwa pale halishuki, pengine hata hupanda, na taa huzimika upesi kama kwamba kila kitu ni kizima. Mtu anayenionyesha kipimo kizuri kwenye injini isiyowahi kufunguliwa hajanionyesha bado kwamba oili inazifikia konrodi.

Kuhusu oili yenye visafishio kuna mabishano ya miaka mingi, na mimi nina msimamo. Oili za namna hiyo zilianza kutengenezwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya injini za dizeli ambazo ringi zake zilikuwa zikikwama kwa utando. Visafishio huzuia uchafu usishike chuma, na vitawanyishi huzifanya chembe za masizi zielee ndani ya oili badala ya kutuama. Ndiyo maana oili nzuri huwa nyeusi upesi, jambo ambalo halifai kumtisha mtu yeyote. Wapo wanaosema kwamba injini kongwe isiyo na chujio lazima itumie oili isiyo na visafishio, ili uchafu utuame mahali pake na usizungukezunguke kwenye beringi. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki kwa mwendeshaji wa zamani aliyemwaga oili mara kwa mara na kuifungua injini kila baada ya miaka michache. Kwa injini iliyosafishwa leo hadi ndani ya kranki, mimi huweka oili yenye visafishio bila kusita, kisha ninaimwaga mapema, kwa sababu chembe inayoelea hutoka pamoja na oili na chembe iliyotuama haitoki. Kwa injini ambayo haijasafishwa, jibu langu ni kwamba swali lenyewe halijafika wakati wake. Oili yenye visafishio inaweza kulegeza magamba kwenye kuta na kuyapeleka kwenye tundu jembamba, na oili isiyo na visafishio itayaacha yalipo, lakini hakuna hata mojawapo itakayolitoa tope lililoganda ndani ya mrija wa kranki.

Kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na dawa za kusukutulia injini, wala na ile njia ya kienyeji ya kujaza mafuta ya taa au dizeli kwenye injini na kuiwasha kwa dakika chache. Mafuta hayo ni mepesi mno kubeba uzito wa beringi, hivyo katika dakika hizo chache injini inasagika. Tena yanalainisha tope la juu juu tu na kulivunja vipande, na vipande hivyo vina njia moja ya kupita, nayo ni ile ile inayokwenda kwenye pampu na beringi. Hatimaye kiasi fulani hubaki kwenye pembe za njia za oili na kuipunguza nguvu oili mpya utakayoweka. Mafuta ya taa yana kazi yake, lakini kazi hiyo ni ndani ya beseni, sehemu zikiwa zimefunguliwa.

Kabla ya kufungua chochote, mimi huanza kwa kuimwaga oili ya zamani ikiwa baridi na kutazama kwa makini kinachotoka. Nati ya kumwagia ifunguliwe taratibu, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na hutangulia. Kijito cha maji, hata kama ni cha kijiko kimoja, kinanitosha kuamua kwamba beringi zote zitakaguliwa. Baada ya hapo huchukua wavu, ninauweka juu ya kitambaa cheupe na kuukagua kwenye mwanga: vumbi linalong'aa kidogo ni uchakavu wa kawaida, vipande vya rangi ya shaba vinatoka kwenye bushi, magamba laini ya kijivu yanatoka kwenye beringi za nusu duara, na vijiwe vya chuma kigumu vinavyoshikwa na sumaku vinatoka kwenye gia, rola au kamshafti. Hapo nimekwisha kupata picha ya hali ya ndani, na bado sijatumia fedha yoyote.

Kuufungua mtego wa kranki ni kazi ya subira. Kizibo huwa kimegongwa pembezoni ili kisijifungue, na alama hiyo ya kugongwa lazima itobolewe kwanza kwa drili ndogo, vinginevyo thredi zitaharibika. Mpasuo wa bisibisi uliochongwa kwenye vizibo vya zamani ni mwembamba, na anayejaribu kwa bisibisi ya kawaida huutafuna mara moja. Inahitajika bisibisi pana ya kugongwa kwa nyundo, pamoja na joto la wastani kuzunguka kizibo. Kizibo kikitoka, mara nyingi hakuna kinachomwagika. Unaona uso mweusi, bapa, unaong'aa kidogo, na ukiuchoma kwa msumari unagundua kwamba ni mgumu kama udongo wa mfinyanzi uliokauka. Katika kranki moja niliyoikagua tundu lote lilikuwa limejaa namna hiyo, isipokuwa mfereji mwembamba uliobaki upande wa ndani, ulio karibu na mhimili, usiozidi unene wa waya wa spoki. Injini hiyo ilikuwa ikiwaka, na mwenyewe alikuwa akiiendesha. Oili yote ya konrodi zote mbili ilikuwa ikipita kwenye mfereji ule.

Mrija hautoki kirahisi, na ni lazima kwanza uiondoe ile bolti ya flaiwili inayoushika. Wengi husahau, wakauvuta kwa nguvu mpaka ukapasuka. Ukishatoka, tundu la kranki na njia zote za mshazari zinazokwenda kwenye shingo husuguliwa kwa brashi ya nailoni na kiyeyushi, huoshwa kwa maji ya moto yenye sabuni, hupulizwa kwa kompresa na kupakwa oili papo hapo kabla kutu haijaanza. Kila njia lazima ipitishe mwanga wa tochi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kizibo kipya hufungwa kwa gundi ya thredi na kugongwa tena pembezoni, na bolti ya flaiwili hukazwa kwa kipimo kilichotajwa kwenye kitabu cha injini. Usikubali mtu yeyote akusafishie kranki wala kasha lake kwa mchanga au shanga za kioo, hata kama mwonekano utapendeza, kwa maana chembe moja iliyojificha kwenye njia ya oili itafanya uharibifu kuliko tope lote ulilolitoa.

Sehemu nyingine zinaweza kusafishwa bila kugawa kasha, lakini zisidharauliwe. Tangi la oili litolewe kabisa kwenye fremu, kwa kuwa chini yake, kwenye pembe zilizochomelewa, hukaa tabaka ambalo halitoki kwa kumwaga. Mabomba ya mpira yabadilishwe yote. Mpira wa zamani huvimba ndani na kumeguka vipande hata kama kwa nje unaonekana mzima. Vali ya kupunguza shinikizo ifunguliwe na pistoni yake ndogo iteleze bila kukwama. Kwenye pampu za Triumph zenye pistoni mbili, kila upande una gololi inayokaa juu ya kiti chake kwa springi, na chembe moja ya uchafu chini ya gololi hiyo inatosha kuifanya pampu iwe inasukuma na kuvuta oili ile ile papo kwa papo. Bomba la kupumulia likiziba, shinikizo ndani ya kasha huongezeka na oili huanza kuvuja kila mahali, kisha mwenye pikipiki huanza kupaka silikoni kwenye kila ungio. Silikoni iliyozidi hubanwa na kutokeza kwa ndani, hukatika na kwenda moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu. Nimezikuta nyuzi za silikoni kwenye wavu mara nyingi kuliko nilivyokuta gamba la chuma.

Jambo jingine huwashtua wamiliki wapya wa injini zenye tangi la oili la kando, yaani lililo nje ya injini. Pikipiki ikisimama muda mrefu, oili hupenya polepole kwenye pampu na kushukia kwenye kasha la kranki. Tangi huonekana tupu, na mtu asiyejua hujaza oili nyingine. Akipiga kiki, kranki inapiga ndani ya dimbwi, moshi hutanda, na sili hufumuka. Kwa hiyo kabla ya kujaza tangi la pikipiki iliyosimama, mwaga kwanza kilicho chini ya kranki. Wapo wanaofunga vali ya kuzuia oili isishuke, kwenye bomba linalokwenda kwenye pampu. Mimi siipendekezi, kwa kuwa vali hiyo ikikwama au ikisahauliwa bila kufunguliwa, injini inaendeshwa kavu, na hasara hiyo haifanani hata kidogo na usumbufu wa kumwaga oili chini ya kasha.

Siku ya kuwasha, plagi zitolewe kwanza, beringi zikiwa zimekwisha kupakwa oili wakati wa kufunga. Jaza bomba la kwenda kwenye pampu ili lisibaki na hewa, kisha izungushe injini kwa kiki bila kuiwasha, huku kifuniko cha tangi kikiwa wazi. Tazama mrija wa kurudishia. Mwanzoni utasikia hewa tu, kisha yatatoka mapovu, halafu oili itaanza kutema kwa vipindi. Kutema kwa vipindi si kosa, kwa kuwa upande wa pampu unaorudisha oili umeundwa kuwa na uwezo mkubwa kuliko upande unaopeleka, hivyo huvuta hewa pia. Usirudishe plagi kabla hujaiona oili hiyo. Hata hivyo kumbuka kwamba mrija ule unathibitisha pampu inafanya kazi, basi. Kuhusu kranki unategemea mwanga wa tochi ulioupitisha kabla ya kuifunga.

Injini ikishawaka na kutembea kilomita chache za kwanza, oili imwagwe ingali moto, ili ichukue mabaki ya kazi ya kufungua na kufunga. Baadaye mimi hubadilisha kila kilomita 1,500, au kila miezi 6 kama pikipiki haikutembea sana, kwa sababu asidi na maji haviangalii kilomita. Unene wa oili ufuate kitabu cha injini; 20W-50 ya madini huzifaa injini nyingi za aina hii. Kama klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, kama ilivyo kwenye Honda, chagua yenye alama ya JASO MA (kiwango cha oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo) ili klachi isiteleze.

Kama utaamua kuongeza chujio la kisasa kwenye injini yenye tangi la kando, na ninashauri uongeze, lifungwe kwenye bomba linalorudisha oili tangini. Upande wa kupeleka, pampu huvuta oili kwa mteremko na kwa mfyonzo mdogo sana, na chujio lililowekwa hapo, hasa asubuhi ya baridi wakati oili ni nzito, linaweza kuinyima pampu oili. Upande wa kurudi, chujio likilemewa, oili bado imekwisha kupita kwenye beringi zote. Chagua kichwa cha chujio chenye vali ya kupitisha oili pembeni endapo chujio litaziba, bana mabomba yote kwa klipu imara, na baada ya safari ya kwanza lipasue chujio hilo, ulikunjue karatasi yake na usome kilichonaswa.